Tuwapeleke watoto Kampala kuona maduka ya vitabu, au tunapoteza nauli?

Swali: "Mwalimu, tunaishi Walukuba, Jinja. Nina watoto watatu: msichana wa miaka 13 aliye darasa la saba, mvulana wa miaka 9 wa darasa la nne, na mdogo wa miaka 5. Nyumbani tunazungumza Kiswahili kwa sababu baba yao anatoka Arua nami natoka Tororo. Mtaani wanasema Kisoga na Kiganda, shuleni Kiingereza. Nataka tutumie Jumamosi na Jumapili moja Kampala, tulale kwa shangazi yao Ntinda, na tutembelee maduka ya vitabu. Mwaka jana tulijaribu. Tuliingia duka moja, muuzaji akatufuata nyuma kana kwamba sisi ni wezi, mvulana akachagua kitabu cha picha cha watoto wadogo, baba yake akakikataa, tukanunua kitabu cha hesabu na kutoka kila mtu amenuna. Mume wangu anasema nauli hiyo ni afadhali tununulie data, kwani simu ina vitabu vyote. Je, twende maduka gani, tubebe fedha kiasi gani, na nimfanyeje huyu wa miaka 9 asiyetaka kitabu chenye maneno mengi? Na vitabu vya hadithi vya Kiswahili vinapatikana?"

Dada yangu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na kila mara nimekwama kwenye kile kitabu cha hesabu. Mlisafiri kilomita 80 hivi na watoto watatu, mkaingia mahali penye mamia ya vitabu, mkatoka na kitabu ambacho mngekipata Jinja mjini bila kupanda teksi. Kama nimekuelewa vema, hofu yako ni kwamba watoto hawana hamu ya kusoma, na kwamba safari ya pili italithibitisha jambo hilo mbele ya baba yao. Mimi naona siku ile haikupima hamu ya mtoto yeyote, kwa kuwa hapana aliyeachiwa kuchagua. Yule mmoja aliyethubutu alikatazwa. Safari ya namna hii hurudisha gharama yake pale mtoto anapochagua mwenyewe, akalipa kwa mkono wake, na akapata nafasi ya kuanza kusoma siku hiyohiyo. Kazi yenu wazazi iko kabla ya safari na baada yake, na ndani ya duka inapungua sana.

Nianze na yule muuzaji, maana nadhani mlimwelewa vibaya, ingawa sikatai kwamba angeweza kuwa mpole zaidi. Maduka madogo ya vitabu hapa kwetu huishi kwa shule. Mihula inapofunguliwa, mwanzoni mwa Februari, mwishoni mwa Mei na mwezi wa Septemba, wazazi na walimu huja na orodha zao, na mauzo ya wiki hizo ndiyo yanayolipia kodi ya chumba katika miezi mikavu. Kitabu cha hadithi hakina msimu wa namna hiyo. Hukaa rafuni muda mrefu, na fedha iliyokinunua hukaa nacho hapohapo. Ndiyo maana wenye maduka wengi huvichukua vitabu vya hadithi kwa mali kauli: mwandishi au mchapishaji anaacha nakala kadhaa, duka linamlipa zikishauzwa, na zisizouzwa zinarudishwa. Sasa chukua nakala iliyokunjwa jalada au yenye alama ya kidole kilichotoka kula chipsi. Mchapishaji haipokei, mnunuzi mwingine haitaki, na hasara inabaki kwa mwenye duka, au mbaya zaidi, inakatwa katika mshahara wa kijana aliyesimama pale. Huyo ndiye aliyewafuata. Mkiingia na watoto walionawa mikono, wanaojua kutoa kitabu kimoja, kukitazama na kukirudisha mahali pake kabla ya kutoa kingine, na mkamwambia muuzaji tangu mlangoni kwamba kila mtoto ana fedha yake na amekuja kununua, sura yake itabadilika kabla hamjamaliza kusalimiana. (Mkipita Namawojjolo mkanunua kuku wa kijiti na gonja, kama kila msafiri wa barabara ile, tafadhalini kitambaa chenye maji kiwe karibu.)

Mfumo huohuo una upande wenye manufaa kwenu. Mwenye duka dogo alikubali kila kitabu cha hadithi kimoja kimoja, akijua kwamba kitamchukulia nafasi kwa miezi, kwa hiyo mara nyingi anavikumbuka kwa majina, na anakumbuka pia watoto gani walivirudia kuuliza sehemu ya pili. Maarifa hayo hayagharimu kitu, ila yanahitaji kuulizwa kwa wakati wake. Jumamosi saa tano asubuhi, dukani kumejaa watu, atawaonyesha rafu kwa kidole tu. Ukimpigia simu Jumanne au Jumatano ukamweleza umri wa watoto watatu, lugha wanazozisoma, kile kila mmoja anachopenda, iwe mpira, wanyama au visa vya kutisha, na ukataja kiasi ambacho kila mtoto atakuwa nacho, atakuwekea rundo la vitabu kumi au kumi na viwili pembeni. Mtoto akichagua kutoka rundo dogo lililoteuliwa vizuri huchagua kwa utulivu. Akisimamishwa mbele ya ukuta mzima wa vitabu hushika cha karibu au hukataa vyote. Sijui jambo jingine moja linalobadilisha ziara kama simu hiyo, na ni wazazi wachache sana wanaoipiga.

Kuhusu maduka yenyewe, mawili yanatosha, na ikibidi liwe moja. Familia zinazozunguka maduka manne kwa siku huishia kubeba watoto waliochoka na kuona maegesho zaidi kuliko vitabu. Kwa watoto wa umri tofauti kama wenu ningeanzia upande wa Kamwokya. Jumba la Makumbusho la Uganda liko Kira Road, lina ala za muziki na, nyuma yake, nyumba za jadi za sehemu mbalimbali za nchi ambazo mtoto wa miaka 5 anaweza kuziingia. Kwenye barabara hiyohiyo, plot 147, ziko ofisi za FEMRITE, chama cha wanawake waandishi kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1990, ambacho huchapisha na kuuza vitabu vya waandishi wa hapa. Binti yenu wa miaka 13 anaweza kupata huko vitabu vilivyoandikwa na wanawake wanaoishi katika miji anayoijua. Hiyo lakini ni ofisi kabla ya kuwa duka, kwa hiyo ulizeni kwanza kama watakuwepo Jumamosi. Kutoka hapo si mbali kufika Acacia Mall, ambako Aristoc, duka la vitabu linalojulikana zaidi Kampala, lina tawi lake. Aristoc si duka dogo, nalijua hilo, lakini ni la hapahapa, lina sehemu ya watoto, na kwa kuwa limo ndani ya jengo la maduka halitegemei saa za mjini.

Upande wa mjini, Kampala Road na mitaa iliyo chini yake, mnapata vitabu vingi zaidi na utulivu mdogo zaidi. Nkrumah Road ndipo walipo Fountain, wachapishaji ambao wametoa vitabu vya Kiganda na vya lugha nyingine za nchi hii kwa miongo kadhaa. Nasser Road, jirani yake, ni mtaa wa mitambo ya uchapaji. Kumtembeza mtoto pale dakika kumi akaona karatasi zinavyokatwa na kubanwa kunamfundisha kwamba kitabu hutengenezwa na watu. Maduka ya makanisa na ya watawa msiyadharau pia, maana baadhi yana rafu nzuri za watoto. Jumapili msiitegemee kwa mjini: maduka mengi hufungwa, na mengine hufunga mapema hata Jumamosi. Basi vitabu vinunuliwe Jumamosi kabla ya chakula cha mchana, alasiri iwe ya makumbusho au ya kupumzika, na Jumapili iwe siku ya kusoma kwa shangazi Ntinda hadi saa ya kurudi.

Vitabu vya mitumba vinavyopangwa kandokando ya barabara havina ubaya wowote, na kwa fedha kidogo mtoto anaweza kuondoka na vitatu. Tofautisheni tu mtumba na nakala ya wizi. Nakala ya wizi ina jalada lililofifia, maandishi yaliyokaa upande, kurasa zinazoachia gundi mara ya pili ya kufunguliwa, na mara nyingi ni ya kitabu ambacho dukani kinauzwa kipya. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 inaikataza, lakini sababu yangu ya kwanza ni ya kawaida zaidi: inachanika kabla mtoto hajaimaliza.

Sasa tuje kwa mvulana wa miaka 9, ambaye ndiye ninayemwona katikati ya swali lako. Baba yake alikataa kitabu cha picha kwa kudhani kwamba mtoto wa darasa la nne anayechagua kitabu chepesi anarudi nyuma. Ni dhana ya wazazi wengi, na ya walimu wengi pia, lakini haiendani na jinsi kusoma kunavyojengeka. Mwaka 1986 watafiti wawili, Gough na Tunmer, waliliweka jambo hili kwa namna ambayo hadi leo haijapitwa: kuelewa unachosoma ni zao la vitu viwili vinavyozidishana, uwezo wa kugeuza herufi kuwa sauti na maneno, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe ukiisikia. Kwa kuwa vinazidishana, kimoja kikiwa karibu na sifuri, zao zima linakuwa karibu na sifuri hata kama kingine ni kikubwa. Mtoto anaweza kutamka kila neno la ukurasa wa Kiingereza kwa ufasaha na asiambulie kisa chochote, kwa sababu Kiingereza chake cha kusikia bado ni chembamba.

Angalia basi alipo mwanao. Tangu 2007 mtaala wetu unataka madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo, darasa la nne liwe la kuvuka, na kuanzia la tano masomo yaendelee kwa Kiingereza. Shule nyingi za mjini huanza na Kiingereza tangu mwanzo kwa kuwa watoto wamechanganyika. Vyovyote ilivyo shuleni kwake, mwaka huu ndio vitabu vyake vya sayansi na maarifa ya jamii vinapokuwa vinene kwa Kiingereza, ilhali kichwani ana Kiswahili cha nyumbani na Kisoga na Kiganda cha michezo. Mtoto huyo akichukua kitabu chenye picha kubwa na sentensi mbili kwa ukurasa, anafanya jambo la busara: picha zinambebea sehemu ya lugha ambayo bado hana, na akili yake inabaki na nguvu ya kufuata kisa. Anajua mzigo anaouweza. Sisi watu wazima ndio tunaomwongezea gunia na kushangaa anapolitua.

Zaidi ya hayo, msomaji huundwa na wingi wa kurasa alizozimaliza. Mtoto anayesoma vitabu vyembamba vinane kwa raha anakutana na maneno yaleyale ya kawaida mara nyingi hadi macho yake yanayatambua bila kuyapambanua herufi kwa herufi, na hapo ndipo kasi inapotokea. Anayepewa kitabu kimoja kinene kinachomshinda hukutana na maneno mengi mageni mara moja moja, na hayakai. Kipo kipimo cha zamani ambacho wakutubi hutumia na ambacho mtoto anaweza kukitumia mwenyewe dukani bila kuona aibu: afungue ukurasa wa katikati, asome kimoyomoyo, na akunje kidole kimoja kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikikunjika kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho kisubiri mwakani, au kisomwe pamoja na mzazi. Kisipokunjika hata kimoja, bado ni kitabu kizuri cha kusoma peke yake. Kipimo hiki si sayansi kamili, na kwa vitabu vyenye maneno machache kila ukurasa hakifai, lakini kinahamisha uamuzi kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na hilo ndilo ninalolitaka.

Ombi langu kwa mume wako ni dogo. Mkubaliane kabla ya kuondoka nyumbani kwamba mzazi ana haki ya kukataa kitabu kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba yaliyomo hayamfai mtoto kwa umri wake. Wepesi, picha, katuni, au kwamba "hakina funzo" visiwe sababu. Kama kuna kitabu ambacho ninyi mnatamani akisome, mkinunue kwa fedha yenu na mmsomee ninyi jioni. Hamtapoteza lolote: mtoto aliye kwenye kitabu cha picha kwa macho yake anaweza kabisa kufuata hadithi ya kurasa mia kwa masikio yake, na kumsomea kwa sauti ndiko kunakokuza ile nusu ya pili ya zao nililolitaja.

Hapa Kiswahili kinaingia, na kwa familia yenu nakiona kuwa mali ambayo bado hamjaitumia. Tahajia ya Kiswahili ni nyoofu. Herufi zikishajulikana, kila neno linasomeka. Tahajia ya Kiingereza hujifunzwa kwa miaka. Utafiti uliochapishwa 2003, uliolinganisha watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa shule, uliwakuta watoto wa Finland na Ugiriki wakisoma karibu kila neno la kawaida kwa usahihi, wakati wenzao wa Scotland waliofundishwa kwa Kiingereza walisoma kama theluthi moja tu. Watoto wa Scotland hawakuwa wazito wa akili. Lugha waliyoanza nayo ina tahajia ngumu. Ujuzi wa kusoma ukishakaa katika lugha moja, sehemu yake kubwa huhamia kwenye nyingine: mtoto akishajua kufuata kisa, kukisia kitakachofuata na kurudi nyuma pale alipopotea, hahitaji kufundishwa hayo upya kwa Kiingereza. Kwa hiyo wazo kwamba kitabu cha Kiswahili kitamchelewesha shuleni naomba mliweke kando. Kwa mtoto anayekizungumza nyumbani, pengine ndicho kitabu cha kwanza atakachokimaliza bila msaada.

Vinapatikana? Vinapatikana, lakini ni lazima kuvitafuta. Baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni, na ukiuliza Kiswahili dukani, kitabu cha kwanza utakachoonyeshwa kwa kawaida ni cha sarufi au cha mazoezi. Sema wazi kwamba unataka hadithi za watoto. Nyingi huchapishwa Nairobi na Dar es Salaam, na mnaweza kuzitambua kwa namba iliyo chini ya mistari myeusi nyuma ya jalada: baada ya 978, namba 9966 ni ya Kenya, 9976 au 9987 ni ya Tanzania, na 9970 ni ya Uganda. Mfundisheni msichana namba hizo, naye awe mkaguzi wa familia. Watoto wa umri wake hupenda kazi yenye siri kidogo, na kwa njia hiyo atashika vitabu vingi ambavyo asingevigusa. Kama duka halina, mwombeni mwenye duka aagize. Yeye hununua kile ambacho watu wamemuulizia, na wanaouliza hadithi za Kiswahili Kampala bado ni wachache mno kuliko wanaozihitaji.

Msichana mwenyewe ana mtihani wa kumaliza shule ya msingi mbele yake, na bila shaka meza yake imejaa pamfleti za maswali ya zamani. Kumwachia kitabu kimoja kisicho na swali lolote mwishoni hakutamharibia alama. Mdogo wa miaka 5 atataka kitabu cha mnyama au gari, atakitaka kisomwe mara thelathini, nanyi mtakisoma. Achague naye kwa fedha yake kama wakubwa.

Fedha. Sitakupangia kiasi, kwa kuwa sijui mfuko wenu, ila nitakueleza inavyokaa vizuri. Kitabu chembamba cha hadithi kilichochapishwa Afrika Mashariki huwa na bei ya chini kuliko kitabu cha watoto kilichotoka Uingereza au Marekani, mara nyingi kwa mbali sana, kwa sababu hicho cha pili kimelipiwa kwa fedha za kigeni na kimesafirishwa. Mwulize muuzaji katika ile simu bei ya vitabu viwili vyembamba vya hapa, kisha mpatie kila mtoto kiasi hicho katika bahasha yenye jina lake, kiasi sawa kwa wote watatu ili msije mkaamua ugomvi dukani. Fedha ya bahasha isiguswe kwa soda wala kwa bodaboda. Itakayobaki ni ya mtoto. Na kama mmoja akitoka bila kununua chochote, aruhusiwe; bahasha irudi nyumbani ingojee. Baba na mama nao wanunue angalau kitabu kimoja cha kwao, hata cha mtumba, kwa kuwa ni vigumu kumshawishi mtoto kwamba kusoma ni raha katika nyumba ambayo hapana mtu mzima anayeonekana akifanya hivyo.

Mume wako ana hoja kuhusu simu, na nisingependa uishinde kwa kelele. Upo mradi uitwao African Storybook ulioanzishwa Afrika Kusini, wenye hadithi za picha za bure katika lugha nyingi za Afrika, zikiwemo Kiswahili na lugha za Uganda, zilizopangwa kwa viwango, na zinaweza kupakuliwa na kusomwa bila data baadaye. Kwa wingi wa kurasa niliokwisha kuutaja, hilo ni jambo kubwa, na ningemwomba baba awe msimamizi wake: apakue hadithi kumi za Kiswahili kabla ya safari, zisomwe ndani ya teksi wakati wa foleni ya Mukono. Udhaifu wa simu ni kwamba ni moja na watoto ni watatu, kwamba mchezo na video viko kidole kimoja tu kutoka kwenye hadithi, na kwamba haiachwi kitandani hadi mtoto asinzie nayo. Kitabu cha karatasi kinamilikiwa, kinaandikwa jina, kinaazimwa kwa jirani. Tumieni vyote viwili.

Naye akisema nauli ya watu watano na matumizi ya njiani yanazidi fedha ya vitabu vyenyewe, atakuwa amepiga hesabu sahihi, na hapo lazima nikupe ushauri ambao hukuuomba. Kama fedha ya kufanya yote haipo, acheni Kampala kwa sasa. Nendeni Jumamosi moja kwenye maktaba ya umma ya Jinja, watoto wasome na mjue wanavutwa na nini, kisha mpigie duka la Kampala, mlipe kwa simu, na vitabu vitumwe kwa basi kama mnavyotumiwa mizigo mingine. Mtapata vitabu mara mbili zaidi kwa fedha ileile. Mnachokosa ni mtoto kusimama mbele ya rafu na kuamua mwenyewe, jambo ambalo nimelipa uzito mkubwa hapa, lakini hata hilo linaweza kungoja likizo ya Agosti au Desemba. Mkiamua kwenda, epukeni wiki za kufungua shule. Katikati ya muhula muuzaji ana muda wa kuzungumza nanyi.

Limebaki jambo moja, ambalo duka la vitabu haliwezi kulitatua. Kabla ya safari, mketishe mvulana mahali patulivu, asome kwa sauti aya fupi ya Kiswahili chepesi, kisha akueleze kilichotokea. Akisoma polepole lakini akafika mwisho na akaelewa, yale niliyoeleza yanamtosha, na vitabu vya picha vitafanya kazi yao. Akiwa anakisia maneno kwa herufi ya kwanza, anachanganya herufi alizofundishwa tangu darasa la kwanza, au hawezi kusoma sentensi rahisi katika lugha yoyote kati ya hizo anazozizungumza, basi kukwepa kitabu chenye maneno mengi ni dalili ya ugumu wenyewe, na hauondoki kwa kununuliwa vitabu zaidi. Hapo anzeni na macho na masikio, katika kliniki ya hospitali ya rufaa, hasa kama hukaribisha kitabu usoni, hulalamika kichwa kikiuma, au hujibu kama hakusikia. Macho na masikio yakiwa salama, zungumzeni na mwalimu wa darasa, na muulize kama shule au wilaya ina mwalimu wa elimu maalumu. Chuo Kikuu cha Kyambogo kina kitivo kinachofundisha walimu hao, na wahitimu wake wako sehemu nyingi za nchi. Ugumu wa kusoma ambao hautokani na uvivu wala akili ndogo upo, hutambulika, na kuna njia za kumfundisha mtoto mwenye nao, ingawa huchukua muda; anayekuuzia dawa ya kuuponya kwa wiki mbili anakudanganya. Siku ya kwenda kwa mwalimu beba daftari lake pamoja na kitabu kimoja alichokichagua mwenyewe, na umwombe asome ukurasa mmoja mbele yenu wote wawili, maana katika darasa lenye watoto wengi inawezekana kabisa kwamba mwalimu hajawahi kumsikia akisoma peke yake.